aptitude: chombo changu vifurushi vinaposhikana mashati

Kama unategemea mashine ya Debian, mfumo endeshi wa jamii ya Linux, kwa kazi, sakinisha mapema aptitude, chombo cha kusimamia vifurushi vya programu, kabla sasisho halijakwama. Siku hizi mara nyingi haiji na mfumo, ila `apt install aptitude` inatosha. Nasisitiza mapema kwa sababu vitegemezi (vifurushi ambavyo vingine vinavihitaji ili vifanye kazi) vikishavurugika, apt, chombo cha kawaida cha Debian cha kusakinisha, hugoma kusakinisha chochote kipya mpaka uvinyooshe kwanza, na hapo ndipo unapoihitaji zaidi.

Natunza kompyuta za watu hapa Morogoro: steshenari, ofisi ndogondogo, maabara ya shule. Sasisho za kawaida nazifanya kwa apt, ni nyepesi na haina maneno mengi. Ugomvi ukitokea, apt huishia kusema kuna vifurushi vibovu vilivyoshikiliwa, halafu inakuachia mwenyewe. aptitude hukuwekea mapendekezo mezani, moja baada ya jingine, ikieleza nini kitaondolewa, nini kitabaki toleo la zamani na nini kitapanda.

Mfano mzuri ni seva ya kuchapishia ya mteja mmoja, bodi ndogo ya ARM ya biti 32, niliyoihamisha kutoka Debian 12 kwenda 13. Toleo la 13, la Agosti 2025, lilibadilisha majina ya laibrari nyingi (vipande vya msimbo ambavyo programu nyingi huvitumia kwa pamoja) kwa ajili ya saa. Kwenye biti 32, hesabu ya sekunde iliyoanza 1 Januari 1970 inajaa 19 Januari 2038. Debian wakaipanua kufikia biti 64, na laibrari zilizoguswa zikaongezewa t64 mwishoni mwa jina: libssl3, ya usimbaji wa mawasiliano, ikawa libssl3t64. Kwenye amd64, yaani kompyuta za kawaida za biti 64, ile mpya huitikia pia jina la zamani, kwa hiyo programu za zamani hazisumbuki. Kwenye armhf, yaani ARM ya biti 32 kama bodi hii, haiitikii, na ni sawa kabisa, maana humo ndani mambo yamebadilika kweli.

Basi, programu ya kusimamia printa, iliyosakinishwa zamani kutoka nje ya hazina ya Debian, ilikuwa inadai libssl3. libssl3t64 haikubali kukaa pamoja na libssl3. openssh-server mpya (ya kuingia kwenye mashine kutoka mbali kwa SSH) na curl mpya (ya kupakua vitu mtandaoni) zinadai libssl3t64. Kila mmoja anamsubiri mwenzake aondoke kwanza. Pendekezo la kwanza la aptitude lilikuwa kuacha karibu kila kitu kwenye toleo la zamani. Nilibonyeza n, likaja la kuondoa programu ile ya printa tu na kupandisha vingine vyote. Na kama pendekezo ni zuri isipokuwa hatua moja, unaikataa hatua hiyo kwa r, nayo inatafuta njia nyingine bila kuigusa. Kwa seva niliyokuwa naifikia kwa SSH pekee, kuweza kusema "openssh-server isiondolewe" ni jambo kubwa mno.

Ninachoipendea zaidi ni `aptitude why-not` ikifuatiwa na jina la kifurushi kinachogoma kuingia. Inakupa mnyororo wa sababu, kifurushi kwa kifurushi, hadi kwa anayezuia. Mafundi wengi wakisikia vitegemezi vya mzunguko hukimbilia `dpkg --force-depends`, yaani kulazimisha usakinishaji bila kujali vitegemezi, na hilo linaniuma, kwa sababu mzunguko wenyewe si ugonjwa. Laibrari mbili za msingi ni mfano: libc6 inategemea libgcc-s1, na libgcc-s1 inategemea libc6, kwenye mashine yako hiyo hiyo unayosomea hapa kama ni Debian. dpkg, kisakinishi kilicho chini ya apt na aptitude, huvifungua vyote viwili kwanza, kisha huvisanidi. Kama kimoja hakina skripti ya kuendeshwa baada ya kusakinishwa, mduara hukatwa hapo. Kinachokwamisha kwa kawaida ni kifurushi cha pembeni kilichong'ang'ania toleo la zamani, na why-not hukitaja kwa jina.

Kasoro zipo. aptitude ikikuuliza kama unakubali pendekezo, jibu linalosubiri pale ni Y (ndiyo), kwa hiyo Enter moja ya haraka inakubali pendekezo hata kama linafuta mazingira yote ya dawati. Soma kila mstari. Au anza na `-s`, inayoigiza tu bila kugusa kitu. Kwenye bodi yenye RAM kidogo huchukua muda kutafuta suluhisho. Maelezo rasmi ya Debian ya kupanda toleo yanaelekeza kutumia apt, nami nayafuata. Aptitude naiita kwenye mkwamo. Na apt 3.0 ya Debian 13 ina kitatuzi kipya cha ugomvi wa vitegemezi, unakiita kwa `--solver 3.0`, kimenivutia na nitaendelea kukipima.

Kabla ya kupanda toleo, endesha `aptitude search '~o'`. Itakuorodheshea vifurushi vilivyomo kwenye mashine lakini havipo tena kwenye hazina yoyote. Programu ile ya printa ilikuwemo. Yule mteja alikuwa haitumii tena, CUPS, mfumo wa kuchapishia wa Linux, inamtosha.