Chumvi ya Bahari ya Chumvi kwa pumu ya ngozi: inasaidia, lakini inachoma

Pumu yangu ya ngozi imepiga kambi kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, na kuwasha kwake ni usiku. Hii chumvi nimeipenda, ingawa si dawa ya kuponya.

Si kama chumvi ya jikoni. Punje ni kubwa, zinatoa jasho mfuko ukiachwa wazi, na ukionja ni chungu kuliko chumvi ya kawaida. Ni madini ya magnesiamu hayo, ambayo humo yamejaa, na ndiyo yanayovuta unyevu. Utafiti uliochapishwa 2005 ulitumia maji yenye chumvi hii asilimia 5: mkono mmoja humo dakika 15, wa pili kwenye maji ya bomba. Mkono wa chumvi ulipata nafuu zaidi.

Asilimia 5 maana yake nusu kilo kwa beseni la lita 10, kwa hiyo mfuko hauchukui muda kwisha. Kujaza bafu zima? Sithubutu. Mimi naloweka viwiko tu.

Penye mchubuko inachoma, tena vibaya. Ngozi ikiwa inatoa maji au usaha, usiitumie chumvi hii. Muone daktari kwanza. Ila ikiwa kavu tu, magamba hulainika na usiku najikuna kidogo. Maji yawe vuguvugu, ujisuuze, ujifute kwa kugusagusa, kisha mafuta mazito yasiyo na manukato ngozi ikiwa bado na unyevu. Bila mafuta, ngozi yangu hukakamaa tena.

Nyota nne. Ya tano wameipoteza kwa mfuko usiofungika.