Kupima kizazi kwa utrasaundi Ngamiani, Tanga

Huduma ya utrasaundi ya kizazi naihukumu kwa karatasi ya majibu anayoondoka nayo mgonjwa, na kwa kigezo hicho kituo nilikompeleka mdogo wangu hapa Ngamiani kinastahili sifa. Alikuwa amekuja kutoka Muheza akisumbuliwa na hedhi nzito, na majibu aliyopewa kwingine yalisema tu kwamba ana uvimbe kwenye kizazi. Ukubwa wake haukuandikwa, wala idadi, wala mahali ulipo, kwa hiyo daktari aliyeyasoma ikambidi aagize kipimo kirudiwe.

Hapa, kabla ya kuwasha mashine, mpimaji alimuuliza tarehe ya hedhi yake ya mwisho. Swali hilo lilinipa imani, kwa kuwa utando wa ndani wa kizazi huwa mwembamba mara baada ya hedhi na kunenepa kadiri siku zinavyosogea, hivyo ni vigumu kuufasiri unene wake pasipo kujua tarehe. Alianza kupima juu ya tumbo kibofu kikiwa kimejaa, maana mkojo hupitisha vizuri mawimbi ya sauti na kuyasogeza matumbo kando. Kisha akamruhusu akakojoe, akamweleza kwa upole faida ya kipimo cha kupitia ukeni, akasubiri ridhaa yake, akavuta pazia na kumwita muuguzi wa kike awepo. Wanawake wengi hukiogopa kipimo hiki, nami nawaelewa. Lakini hakina mionzi, na kwa kuwa kifaa hukaribia kizazi, picha yake huwa safi zaidi.

Majibu yalitaja fibroidi mbili, yaani uvimbe unaoota kwenye misuli ya kizazi: moja ya sentimita 5 upande wa nje wa kizazi, na nyingine isiyofika sentimita 2 iliyochomoza kwenye uwazi wa ndani. Kwa yule aliyekwisha kuogopeshwa na neno uvimbe, tofauti hii ni kubwa mno, kwa sababu ile ndogo ndiyo inayoelekea kuleta damu nyingi, na mara nyingi fibroidi ya namna hiyo huweza kuondolewa kwa kupitia njia ya uzazi bila kupasua tumbo.

Nilipouliza kama CT-Scan isingefaa zaidi, mpimaji alieleza kwamba hiyo hutumia mionzi na haitenganishi vizuri matabaka ya kizazi. MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku, ndiyo husaidia pale fibroidi zinapokuwa nyingi au utando wa ndani unapokuwa umeingia kwenye misuli ya kizazi, na anayetaka kujua kama mirija ya uzazi imeziba hupigwa eksirei ya dawa inayopitishwa kizazini baada ya hedhi kukatika. Mtaalamu anayetaja mipaka ya mashine yake ananiridhisha.

Kasoro zipo. Akina mama waliojaza kibofu hupangwa foleni moja na wanaosubiri picha za kifua, jambo linalowatesa bure na linaloweza kurekebishwa hata kesho. Ripoti nayo huandikwa kwa Kiingereza pekee. Mdogo wangu alielezwa kwa mdomo, lakini mumewe aliyebaki Muheza hakuambulia kitu kwenye karatasi ile. Anayekwenda achukue picha na majibu yake ya zamani, kwani mpimaji huyalinganisha na mapya, na anayependa kupimwa na mwanamke aulize kwanza siku za zamu yake.