Mahakama ya Madai Madogo: nimedai deni langu la tenda bila wakili, haya ndo nliyoyaona

Nyota 4 kati ya 5, na hiyo moja ntaeleza huko chini kwa nini nimeizuia.

Mimi nina karakana ya kuchomelea vyuma hapa Mombasa, natengeneza milango, madirisha, mageti. Kuna kontrakta alipata tenda ya serikali ya kujenga madarasa akanipa kazi ya milango na madirisha yote, jumla 640,000, akanipa dipoziti 200,000 nikaanza kazi. Nikapeleka mzigo, ukafungwa, ukapakwa rangi, watoto wakaingia darasani wakaanza kusoma. Mimi pesa yangu 440,000 sijaiona miezi kumi na moja. Kila nikimpigia simu jawabu ni moja, "serikali haijanilipa, ngoja wakinilipa nitakulipa." Nami nilingoja kweli manake nilidhani ndo sheria ilivo, kwamba nami deni langu linaning'inia kwenye deni lake.

Kumbe sivo. Mkataba wangu ni mimi na yeye, serikali haimo. Karatasi tuliyotia saini inasema malipo ndani ya siku 30 baada ya kupokea mzigo, haisemi popote "baada ya kontrakta kulipwa". Hili jambo lilinichukua mwaka mzima kulijua na ndo sababu naandika hapa, manake najua tuko wengi tunaongojeshwa kwa maneno hayo hayo.

Sasa mahakama yenyewe. Kwa wasioijua, sheria yake ni ya 2016 lakini ilianza kufanya kazi April 2021 pale Milimani Nairobi, halafu ikasambaa miji mingine na Mombasa tunayo. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, ya kuuziana bidhaa au huduma na mengine ya pesa, na wakili si lazima. Kesi unaifungua kwa mtandao, ada unalipa kwa simu. Sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60 tangu uifungue, na yangu ilichukua siku 51, wallahi sikuamini. Kesi ya marehemu baba ya shamba ilienda miaka tisa.

Siku ya kusikizwa nilizungumza Kiswahili mwanzo mpaka mwisho. Anaesikiliza si hakimu wa kawaida, anaitwa mwamuzi, na aliniuliza maswali kama mtu anaetaka kujua kilichotokea, hakuna yale ya kukamatwa kwa kuwa umekosea neno moja la kisheria. Kontrakta akasema lile lile la serikali haijamlipa. Mwamuzi akamuuliza, mzigo ulipokea? Akasema ndio. Kuna mahali mlikubaliana angoje mpaka ulipwe? Kimya.

Kilichoniokoa ni karatasi. Nilikuwa na oda yake, mkataba wa kurasa mbili, delivari noti iliyosainiwa na fundi wake wa saiti ikiwa na tarehe na idadi ya milango, invoisi, na meseji za whatsapp anaposema "deni lako nalijua". Ile delivari noti nilikaribia kuitupa siku moja nikisafisha gari, mpaka leo nikikumbuka moyo unaniruka.

Hukumu ikatoka, nilipwe 440,000 na gharama. Akaomba alipe kwa awamu nne, akakubaliwa, awamu tatu tayari nimepata na asipolipa ya mwisho nina dekrii, yaani amri ya korti ya kulipwa, madalali wanakwenda kwake kukamata mali. Kitu kimoja kilichoniuma ni kodi, manake VAT ya ile invoisi nilishailipa zamani, inatakiwa ifike tarehe 20 ya mwezi unaofuata uwe umelipwa na mteja au hujalipwa, nikakopa kwa shemeji yangu kulipa kodi ya pesa ambayo sijaishika.

Sasa ile nyota. Jirani yangu, dada mmoja anaepika chakula cha mikutano, yeye alipeleka huduma moja kwa moja kwa kaunti, ile nafasi ya asilimia 30 ya tenda za serikali waliyotengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Akadai mahakama hii hii, akashinda vizuri tu. Lakini mali ya serikali haikamatwi, sheria imekataza na kaunti zimo, kwa hivo madalali hawana kazi pale. Inabidi achukue cheti cha hukumu, aende Mahakama Kuu kuomba amri ya kumlazimisha afisa mkuu wa fedha alipe, na huyo akikaidi ndo aombe ashtakiwe kwa kudharau korti. Hapo sasa anahitaji wakili na deni lake lote ni 310,000. Mtu ameshinda kesi na bado anapika kwa unga wa mkopo, hiyo si haki na wabunge wanaijua.

Na nduguzangu mnaopeleka vitu serikalini, ile ya afisa kukupigia jioni "leta mzigo, karatasi zitafuata" msikubali hata kama ni mtu mnaejuana. Sheria ya manunuzi ya 2015 inasema hakuna mkataba mpaka uandikwe na utiwe saini na pande zote. Ukipeleka bila hiyo utafika kortini na maneno matupu.

Deni likizidi milioni msijaribu kulikata vipande mfungue kesi mbili, hairuhusiwi. Kama mnaemdai ni mtu au kampuni binafsi na ni chini ya hapo, nendeni, tena mapema. Mimi awamu yangu ya nne ni tarehe 5 mwezi ujao, ikiingia ntakuja kuandika hapa.