Mafundisho ya Ndoa Parokiani: Tathmini ya Darasa Linalofundisha Kupenda

Wachumba wanaotaka kufunga ndoa katika Kanisa Katoliki nchini Tanzania hawafiki altareni bila kupitia mafundisho ya ndoa, na kwa kuwa huduma hiyo huwadai muda, nauli na mara nyingine ruhusa ya kazini, ni haki yao kujua mapema wanachokiendea. Tathmini hii inahusu mafundisho niliyohudhuria pamoja na mchumba wangu, ambaye ni Mlutheri, katika parokia moja jijini Dar es Salaam ambayo sitaitaja jina. Nayapendekeza, tena bila kusita. Hata hivyo, mada iliyobeba jina la darasa zima, yaani upendo, ndiyo iliyofundishwa vizuri kuliko zote katika kipindi kimoja na vibaya kuliko zote katika kipindi kingine, na tofauti hiyo inastahili kuelezwa kwa kina.

Mpangilio wenyewe hauna matata. Vipindi hufanyika Jumamosi alasiri katika ukumbi wa parokia, ada ni ndogo na huenda katika uchapaji wa kitini, na mwishoni kila jozi ya wachumba hupewa cheti cha kuonyesha kwa padre atakayefungisha ndoa. Katekista alitueleza nyaraka zinazotakiwa, kikiwamo cheti cha ubatizo kilichotolewa karibuni, pamoja na utaratibu wa kutangaza ndoa. Nesi alifundisha njia za asili za kupanga uzazi kwa ufasaha ambao sikuutarajia katika ukumbi uliojaa watu wenye aibu. Viti ni vigumu na feni hazitoshi, lakini hayo yanavumilika.

Mwanasheria aliyealikwa ndiye aliyenifanya nianze kufikiri kwa uzito. Alitusomea kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitambua ndoa kuwa muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke unaokusudiwa kudumu kwa muda wa maisha yao, na padre aliyekuwa ameketi pembeni akaongeza kwamba sheria ya Kanisa nayo inafundisha kuwa kinachofanya ndoa iwepo ni ridhaa ya wawili hao. Katika kauli hizo mbili neno upendo halimo. Kijana mmoja akauliza kwa heshima, "Padre, sasa upendo unaingia wapi?" Padre akamjibu kwamba unaingia katika kile ambacho ridhaa inaahidi, kwa sababu siku ya ndoa hakuna anayeulizwa anajisikiaje, anaahidi kuwa mwaminifu katika taabu na raha, katika magonjwa na afya, na kumpenda na kumheshimu mwenzake siku zote za maisha yake. Jibu hilo lilikuwa fupi, lakini lilitosha kubeba kipindi kizima, na laiti walimu wengine wangelishikilia.

Kipindi cha upendo kilianza kwa zoezi ambalo nalisifu sana. Mwalimu, mlei mwenye umri wa makamo, alituomba tutaje mahali tunapolisikia neno hili na ndugu zake katika maisha ya kila siku, na ubao ukajaa mara moja. Mtu hupenda ugali kwa dagaa, humpenda mama yake, humpenda mchumba wake na humpenda Mungu, na kitenzi kinachotumika ni kilekile. Mtangazaji wa redio huwaita wasikilizaji wake wapenzi hata kama hajawahi kuwaona. Simba na Yanga wana wapenzi wao. Walokole huitana "mpendwa" wanapokutana sokoni. Ukimwambia mgeni "karibu chakula, ukipenda", unamwachia uamuzi. Vilevile msibani, jeneza likiwa bado sebuleni, mtu huinamia mfiwa na kumwambia kwamba hayo ni mapenzi ya Mungu.

Mfano huo wa mwisho ulizua mjadala mrefu, na hapo ndipo kuwa wachumba wa madhehebu mawili kulipotufaa. Mchumba wangu amekua akisali "mapenzi yako yatimizwe, hapa duniani kama huko mbinguni", ilhali mimi nimefundishwa tangu utotoni kusali "utakalo lifanyike duniani kama mbinguni". Alieleza mbele ya darasa kwamba alipompoteza baba yake na kusikia maneno ya waombolezaji, alidhani wanamwambia Mungu alifurahia kifo kile, na ilimchukua muda kuelewa kwamba mapenzi katika sala yake yana maana ya kile ambacho Mungu anakikusudia. Mwalimu alimsikiliza hadi mwisho, wala hakuharakisha kutoa jibu. Kisha akasema kwamba hata wanandoa huchanganya mambo haya mawili, wakidhani kumpenda mtu ni kutaka kila anachokitaka yeye, au kumtaka yeye atake kila wanachokitaka wao. Sijawahi kusikia wazo hilo likielezwa vizuri hivyo katika mahubiri.

Baada ya hapo kipindi kikapotea njia. Mwalimu alifuta ubao na kuchora ngazi ya maneno manne ya Kigiriki: erosi chini kabisa kama tamaa ya mwili, juu yake upendo wa jamaa, juu yake urafiki, na kileleni agape, ambao alisema ni upendo wa Mungu pekee. Akatuagiza tupande ngazi hiyo na kuziacha zile za chini nyuma yetu. Kitini kinarudia mchoro huohuo, na nimeuona katika semina nyingi za makanisa mbalimbali, jambo linaloonyesha jinsi ulivyozoeleka bila kuchunguzwa.

Tatizo la kwanza ni kwamba Maandiko hayaungi mkono ngazi hiyo. Katika tafsiri ya kale ya Kigiriki ya Agano la Kale, neno agape ndilo linalotumika katika 2 Samweli 13:15 kwa habari ya Amnoni, aliyemnajisi dada yake Tamari na kisha kumchukia kuliko alivyokuwa amempenda. Kitenzi chake ndicho alichotumia Mtume Paulo kumweleza Dema, aliyemwacha kwa kuupenda ulimwengu huu, na ndicho kinachotumika katika Luka 11:43 kwa Mafarisayo wanaopenda viti vya mbele katika masinagogi. Kwa upande mwingine, Injili ya Yohana inasema mara mbili kwamba Baba anampenda Mwana, katika sura ya 3 kwa kitenzi hichohicho cha agape na katika sura ya 5 kwa kile cha urafiki. Utakatifu wa upendo, kwa hiyo, haumo katika neno lililochaguliwa. Unajulikana kwa yule anayependwa, kwa namna anavyopendwa, na kwa kile ambacho anayependa yuko tayari kukitoa.

Tatizo la pili ni zito zaidi kwa watu wanaojiandaa kulala kitanda kimoja. Kwa kuyaweka mapenzi ya mume na mke kwenye kipandio cha chini, darasa liliwaacha wachumba wengi wakiamini kwamba hamu yao ni jambo ambalo Mungu analivumilia tu. Mada ya tendo la ndoa ilipitiwa kwa haraka na kwa mafumbo, na Wimbo Ulio Bora haukufunguliwa hata ukurasa, ingawa ndimo tunamosoma kwamba upendo una nguvu kama mauti na kwamba maji mengi hayawezi kuuzimisha. Inasikitisha kwamba kitabu cha Biblia kinachomruhusu bibi harusi kusema waziwazi anavyomtamani mpenzi wake kimeachwa kabatini katika darasa la bibi harusi. Wala hapa siwadai walimu kitu kigeni kwa Kanisa lao. Papa Benedikto wa XVI, katika waraka wake wa kwanza wa mwaka 2005 uitwao "Mungu ni Upendo", alifundisha kwamba upendo unaotamani na upendo unaojitoa haviwezi kutenganishwa kabisa, na kwamba vikitenganishwa kila kimoja hupoteza sura yake. Nilitazamia waraka huo utajwe. Haukutajwa.

Kipindi kilichookoa mada nzima kilitolewa na mume na mke wazee, watu wa jumuiya ndogondogo ya Kikristo katika parokia hiyo, ambao hawakuwa na ubao wala kitini. Walikuja na Biblia moja iliyochakaa, wakasoma 1 Wakorintho 13 kifungu kwa kifungu, na kila walipofika mahali pa kupumua walisimulia jambo. Kwenye "hautafuti mambo yake" bwana alieleza jinsi alivyoachishwa kazi na kuficha habari hiyo nyumbani kwa kuona haya, huku mkewe akiwa ameshaijua na akiendelea kuuza mbogamboga asubuhi ili ada ya watoto isikwame. Kwenye "hauhesabu mabaya" bibi alisimama, akatuuliza ni wangapi kati yetu tunaotunza jumbe za zamani kwenye simu ili tuzitumie siku ya ugomvi. Ukumbi ukawa kimya. Naamini kila mmoja alikuwa na simu aliyoifikiria.

Walipofika kwenye "huvumilia yote", dada mmoja aliinua mkono. "Shikamoo Mama. Naomba kuuliza, hapo pana maana kwamba hata mume akinipiga nivumilie?"

"Marahaba, mwanangu. Hapana," bibi alijibu. "Mtume anasema waume wawapende wake zao kama Kristo alivyolipenda Kanisa, akajitoa kwa ajili yake. Aliyeagizwa kutoa mwili wake ni mume. Atakayekusomea Waefeso 5 mstari wa 22, kwamba wake wawatii waume zao, mwambie asome na wa 25."

Jibu hilo ni sahihi, na kwa maoni yangu lilipaswa kutolewa na parokia yenyewe kwa maandishi. Wosia wa Papa Fransisko wa mwaka 2016 kuhusu upendo ndani ya familia, ambao sura yake ya nne inafafanua maneno hayohayo ya Paulo moja baada ya jingine, unasema wazi kwamba zipo nyakati ambapo kutengana hakuepukiki, na hata huwa ni wajibu wa kimaadili ili kumnusuru mwenzi aliye dhaifu au watoto wadogo dhidi ya madhara makubwa. Binti anayeingia katika ndoa akiwa amesikia kwamba upendo huvumilia yote, bila kuelezwa hilo, anaweza kubebeshwa dhambi isiyo yake siku atakapokimbia kuokoa maisha. Nimemwandikia katekista kuomba aya hiyo iongezwe kwenye kitini, na amenipokea kwa moyo mweupe.

Kuna upande mwingine wa upendo wa Kikristo ambao mafundisho haya yaliugusa kidogo mno. Watoto wa Kikatoliki hukariri Sala ya Imani, ya Matumaini na ya Mapendo, na ile ya tatu inaunganisha kumpenda Mungu na kumpenda jirani kwa pumzi moja. Jirani huyo, kwa wanandoa wa nchi hii, ana sura na majina: mkwe anayekuja kutibiwa na kukaa muda mrefu kuliko ilivyotarajiwa, shemeji anayehitaji kusomeshwa, mjomba anayeona mahari haikumfikia ipasavyo. Tulifundishwa kumpenda mwenzi kana kwamba ndoa ni ya watu wawili walio kisiwani, ilhali jioni ya kila kipindi tulitoka ukumbini tukirudi kwenye vikao vya harusi na simu za ndugu. Msamaria katika Luka 10 alilipa gharama za nyumba ya wageni na akaaga aendelee na safari yake; hakumchukua yule majeruhi nyumbani kwake milele. Darasa lingeweza kufanya kipindi kizima juu ya mfano huo: kiasi gani cha kutoa, kwa makubaliano gani kati ya mume na mke, na wakati gani wa kusema imetosha bila kuacha kupenda.

Kwa wachumba wa madhehebu tofauti huduma ni nzuri kuliko tulivyoonywa. Hakuna aliyemdharau mchumba wangu wala kumlazimisha ahame, na padre alitueleza kwa uwazi kwamba ndoa mseto huhitaji ruhusa ya askofu na kwamba upande wa Mkatoliki huahidi kufanya awezavyo ili watoto wabatizwe na kulelewa katika Kanisa Katoliki, jambo ambalo mwenzake hufahamishwa mapema. Tulitamani muda zaidi wa kuzungumzia namna ya kusali pamoja nyumbani, kwa sababu hilo ndilo litakalotukuta kila jioni.

Atakayejiandikisha aende na Biblia yake, aje na mwenzake kila kipindi bila kukosa, kwa kuwa anayekosa hurudia na kundi linalofuata, na asione haya kuuliza, maana mambo yenye faida kubwa kuliko yote tuliyoyapata yalitoka katika maswali ya wachumba. Aombe ratiba mapema na aulize kipindi cha wale wazee kiko Jumamosi ipi. Kama parokia itasikiliza ombi langu, kipindi hicho kitahamishiwa mwanzoni, kabla ya ngazi ya ubaoni, ili wachumba wapate kwanza kuwaona watu wawili waliopendana kwa muda mrefu na wanaotazamana bado kwa hamu.