TAHADHARI: Jamaa wa "dawa ya kuzibua bloku" anaua injini

Wenye Toyota Corolla 110, Carina na Corona za zamani, someni hii kabla hamjatoa hela. Kuna jamaa anazunguka mtaani na madumu meupe, anauza dawa ya kuzibua njia za maji za bloku (mwili wa injini), na Corolla moja aliyoitia dawa hiyo imeshafunguliwa hedi (kichwa cha injini). Inauma kweli, maana gari lile lilikuwa na ugonjwa unaotibika.

Anakuja injini imepoa. Anafungua mfuniko wa rejeta, anachovya kidole, anakuonyesha kutu. Anakwambia njia za maji zimeziba kwa chumvi ya maji ya kisima, na hapo hasemi uongo. Bloku ya 5A, injini inayopatikana kwenye gari hizi, ni ya chuma. Ukiijaza maji ya kisima miaka na miaka bila kulanti (maji maalumu ya kupozea injini), kutu na chokaa vinatuama chini kama tope, hasa kuzunguka silinda ya 4 iliyo mbali na pampu. Ndiyo maana mtu anamwamini, na asichekwe. Kisha anamimina dawa na kuwasha injini, mfuniko ukiwa wazi. Povu linapanda, linamwagikia feni, harufu inachoma pua. "Unaona uchafu unavyotoka, bosi?" Maji yanatoka mekundu. Anashughulika kidogo huku chini, anafunga, anawasha tena, na geji ya joto iliyokuwa inapita nusu inalala chini ya robo. Nani asingetoa shilingi 150,000 hapo, akilinganisha na gharama ya kufungua hedi?

Povu lile si uchafu. Dawa ya povu na harufu ile ni ya jamii ya kostiki soda au asidi ya vyoo, na zote zinakula alumini. Hedi yako ni alumini. Ikiliwa inatoa gesi, ndiyo yale mapovu. Maji mekundu nayo si ushahidi, bloku kuukuu ya chuma inayatoa hata ukiisuuza kwa maji matupu. Na geji imeshuka kwa sababu AMENG'OA THEMOSTATI, ile valvu inayoruhusu maji yapite kwenye rejeta injini ikipata moto! Kwenye ile Corolla, nyumba ya themostati ilikutwa tupu, imepakwa silikoni mpya. Kwenye injini hizi themostati inafunguka kwenye nyuzi 80 hadi 84, na ikifunguka inaziba njia ya mkato inayorudisha maji ndani ya injini. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi: mwendo mwepesi geji inalala. Panda mlima Kitonga na mzigo uone, maji mengi yanazunguka ndani bila kupita kwenye rejeta, injini inachemsha, gasketi ya hedi inaungua.

Kazi yenyewe inafanywa hivi. Mwaga maji kwenye rejeta NA kwenye boliti ya kutolea maji iliyo kwenye bloku. Ukifungua boliti hiyo na hakitoki kitu, tope liko hapo hapo. Chokoa kwa waya mpaka maji yaruke. Toa themostati, weka hita ya ndani ya gari kwenye joto ili maji yapite humo, sukuma maji kinyume kwa mpira wa bomba la kawaida. Kompresa usiguse, inapasua hita. Rudisha themostati ya zamani kwa muda, weka asidi sitriki gramu 50 kwa lita (mfumo unabeba kama lita 6, basi gramu 300), injini iwe na joto dakika 20 hadi 30, ipoe, mwaga, suuza mpaka maji yawe meupe. Usiilaze usiku kucha, nayo inakula alumini ikikaa. Vile visahani vya chuma ubavuni mwa bloku vikianza kuvuja, vilikuwa vimeshikiliwa na kutu tu: weka vipya, na kabla hujaviweka chokoa ndani kupitia matundu yake, maana tope lililoganda haliyeyushwi na dawa yoyote. Mwisho themostati mpya, kulanti nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa, toa hewa mpaka mpira wa chini upate moto.

Dalili za jamaa huyu: dumu halina lebo wala nembo ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), boliti ya bloku haigusi, risiti hana, kazi nzima ni robo saa.

Huyu mtu akamatwe! Hela za watu zirudi na hedi alipe yeye. Mwenye picha ya dumu lake au namba ya pikipiki azitunze, tupeleke polisi na Tume ya Ushindani pamoja, si mmoja mmoja. Na aliyekwishawekewa dawa hiyo asiendeshe: mwaga leo, suuza, na fungua nyumba ya themostati uangalie kama imo.