Makuti ya mnazi au ya plastiki?

Ukijenga banda huku pwani siku hizi lazima uulizwe, unaezeka makuti ya ukweli ama yale ya plastiki? Mi nimekaa chini ya yote mawili. Ya mnazi yana ubaridi wake, saa nane mchana jua la kupasua kichwa we uko chini unasinzia, hewa inapita, na ukitazama juu unaona ile mishono, jani limekunjwa juu ya kijiti likashonwa kwa mkono moja moja, hiyo kwangu ni sanaa bana. Shida yake miaka michache tu yashaoza, panya nao wanahamia bila kodi, na cheche moja ya moto kwisha habari.

Ya plastiki hayaozi, ndo maana mahoteli yanayapenda. Ila kwa mbali tu unayajua, yanang'aa kama kandambili mpya. Na jua la huku halina adabu, plastiki ikichoka inakatika vipande vidogo vidogo, upepo unapeleka baharini. Kenya tumepiga marufuku mifuko ya plastiki 2017, Tanzania 2019, alafu tunairudisha plastiki juu ya paa?

Ile dau ya Lamu, Flipflopi, naikubali, imeundwa kwa plastiki iliyookotwa ikavalishwa kandambili kama 30,000 na 2019 ikatweka tanga mpaka Zanzibar, ile ilipunguza taka. Haya makuti ya plastiki yanashushwa mapya na kontena.

Langu ni la mnazi, na kabla ya masika naezeka upya upande unaovuja.