Frotz na Gargoyle kwenye laptopu kuukuu: nilivyozitumia Bukavu

Kwa miezi saba sasa nimekuwa nikicheza michezo ya maandishi ya zamani nyumbani kwetu Ibanda, hapa Bukavu, kwenye laptopu ambayo betri yake ilikufa na ambayo huzimika papo hapo umeme unapokatika. Programu mbili nilizozitumia kwa muda wa kutosha kuzitolea hukumu ni Frotz na Gargoyle, zote za bure, na ninazipima kwa hali hiyo: mashine kuukuu, umeme wa kubahatisha na mega za kununua.

Asiyeijua michezo hii aelewe kwanza kwamba haina picha. Kompyuta inakueleza mahali ulipo, nawe unaandika unachotaka kufanya. Zork, ulio maarufu kuliko yote, ulitungwa katika chuo cha MIT nchini Marekani kati ya mwaka 1977 na 1979, kwenye kompyuta kubwa ya chuo. Kampuni ya Infocom ilipotaka kuuza mchezo huo kwa wenye kompyuta ndogo, ambazo wakati ule zilikuwa za aina nyingi zisizoelewana, Joel Berez na Marc Blank walibuni mashine ya kufikirika iitwayo Z-machine: mchezo unaandikwa mara moja kwa ajili ya mashine hiyo, kisha kila aina ya kompyuta inatengenezewa programu moja ya kuufasiri. Infocom ilifungwa mwaka 1989, lakini faili zake bado zinafunguka leo kwa sababu ya uamuzi huo, na faili ya Zork I haifiki hata kilobaiti 100. Picha moja ya simu inakula mega nyingi kuliko mchezo mzima.

Frotz, ambayo ni mojawapo ya programu hizo za kufasiri, iliandikwa na Stefan Jokisch mwaka 1995, na toleo lake la Unix (aina ya mfumo unaoendesha kompyuta) limetunzwa kwa miaka mingi na David Griffith. Inafanya kazi ndani ya teminali, yaani dirisha la kuandikia amri, na kwenye mashine yangu inafunguka kabla sijaondoa kidole kwenye kitufe. Jina lake limetoka katika mchezo wa Infocom uitwao Enchanter, wa mwaka 1983, ambamo frotz ni neno la uganga linalofanya kitu kitoe mwanga. Kilichonifanya niipende zaidi ni vitufe vya Alt na U: ukivibonyeza pamoja, hatua yako ya mwisho inafutwa na unarudi ulipokuwa, hata katika michezo ya mwanzo ambayo yenyewe haikuwa na njia ya kutengua kosa. Upungufu wake ni kwamba haifungui mchezo wowote usiotungwa kwa ajili ya Z-machine.

Jioni huwa tunacheza wanne, mimi, mpwa wangu na wanangu wawili. Mimi nasoma Kiingereza na kukigeuza Kiswahili, watoto wanaamua: "Mama, kwanza tufungue lile sanduku la barua." Usiku mmoja tulikuwa ndani ya vichochoro vya Zork vinavyofanana, tumeangusha upanga hapa na chupa pale ili tujue tumeshapita wapi, umeme ukakatika. Frotz haihifadhi mchezo yenyewe, nasi hatukuwa tumeuhifadhi tangu mwanzo, kwa hiyo kazi ya saa nzima ilipotea na mdogo akalala akilia. Tangu siku hiyo tunaandika save kila tunapoingia mahali papya. Faili inayotokea ni ya kilobaiti chache tu, na inaandikwa mara moja.

Gargoyle, iliyoanzishwa na Tor Andersson, imekusanya ndani yake programu nyingi za kufasiri, kwa hiyo inafungua michezo ya Z-machine, ya Glulx na ya TADS (mitindo mingine ya kutungia michezo ya maandishi) na mingineyo bila wewe kujisumbua kujua ipi ni ipi. Lakini mimi ninaisifu hasa kwa maandishi yake. Herufi ni nzuri kama za kitabu kilichopigwa chapa vizuri, pambizo ni pana, na ukubwa wake unabadilishwa katika faili ya mipangilio. Watu wanne wanaosoma skrini moja wanaona tofauti hiyo tangu ukurasa wa kwanza. Michezo iliyotungwa kwa Kifaransa, ambayo ipo na inatufaa sisi tuliosoma kwa lugha hiyo, inaonekana na alama zake zote.

Si lazima uchague moja na kuiacha nyingine. Zote mbili zinahifadhi mchezo kwa mtindo uitwao Quetzal, na tulichohifadhi katika Frotz mpwa wangu anakichukua kwa flashi na kukiendeleza katika Gargoyle kwenye mashine yake, mradi faili ya mchezo ni ileile.

Linalobaki kuwa gumu ni Kiingereza, na hapo hakuna programu ya kufasiri inayoweza kusaidia, kwa kuwa maneno yanayoeleweka yamo ndani ya faili ya mchezo wenyewe. Hata hivyo Zork I unaangalia herufi sita tu za mwanzo za kila neno, kwa hiyo anayekosea mwisho wa neno refu bado anaeleweka. Mpwa wangu ameandika vitenzi ishirini kwenye karatasi, kila kimoja na Kiswahili chake, akaibandika kando ya skrini, na sasa mtoto wangu wa miaka tisa anaandika amri mwenyewe.